Maswali ya Wasomaji: Kadi Mpya ya Grafiki kwa Kompyuta ya Gemu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ninunue kadi gani ya grafiki? Karibu zote zinataja jina la kadi inayotamaniwa, lakini chache sana zinataja monita, pawasaplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) au prosesa. Hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua kadi ipi itakufaa, kwa hiyo majibu yetu yanaanzia huko.

Wahariri, salaam. Nina Ryzen 5 3600 kwenye ubao mama wa B450, RAM ya GB 16 (kijiti kimoja), GTX 1060 ya GB 6 na monita ya 1080p ya hezi 144. Gemu mpya zinaganda kwenye fremu 35 hadi 40 kwa sekunde, na zile za mashindano hazivuki 110. Rafiki mmoja anasema tatizo ni prosesa, mwingine anasema ni kadi. Nimsikilize nani?

Huenda wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa gemu yake. Pima kwanza, maana kupima hakuna gharama. Pakua MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo, kisha uonyeshe kwenye kona ya kioo vitu vinne: matumizi ya GPU (chipu ya kadi ya grafiki), matumizi ya kila uzi wa prosesa (mkondo mmoja wa kazi ndani yake), VRAM (kumbukumbu ya kadi) inayotumika na idadi ya fremu. Zima V-Sync (mpangilio unaozilinganisha fremu na hezi za monita) na kikomo chochote cha fremu. Vikiwa vimewashwa kadi hupumzika, na namba utakazosoma hazitakuwa na maana. Cheza sehemu nzito ya gemu kwa dakika kumi hivi: mji wenye watu wengi, mapigano, msitu. Menyu na vyumba vitupu havipimi kitu.

Matumizi ya GPU yakikaa kwenye asilimia 97 hadi 99, kadi imefika mwisho wa uwezo wake, na kadi mpya itakusaidia. Yakielea kwenye 60 au 70 huku fremu ni chache, kadi inamsubiri mwingine, na huyo kwa kawaida ni prosesa. Usiangalie jumla ya matumizi ya prosesa. Yako ina viini 6 na nyuzi 12. Jumla inaweza kusoma asilimia 45 wakati uzi mmoja unaobeba kazi kuu ya gemu umeshajaa kabisa. Jaribio la pili ni rahisi zaidi: shusha rezolusheni hadi 1280x720 bila kugusa kitu kingine chochote. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inazuia. Zikibaki pale pale, hata kadi kubwa kuliko zote haitazipandisha.

Kwa vifaa ulivyotaja, tunatarajia gemu mpya zioneshe kadi imejaa na zile za mashindano zioneshe prosesa. Kabla ya kununua kadi, ongeza kijiti cha pili cha RAM kinachofanana na ulichonacho. Kijiti kimoja kinaipa prosesa nusu tu ya upana wa njia ya kumbukumbu, na gemu za mashindano huumizwa na jambo hilo kuliko gemu nyingine. Kwenye ubao wenye sloti nne, weka vijiti katika sloti ya pili na ya nne ukihesabu kuanzia kwenye prosesa, kisha ingia BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake (mbao nyingine huuita DOCP). Bila hatua hiyo ya BIOS, RAM iliyoandikwa 3200 hutembea kwa 2133 au 2400 miaka yote, na mwenyewe hajui.

Kadi ya kutafuta kwa 1080p ni ya daraja la RX 6600 (wati 132) au RTX 4060 (wati 115). Zote mbili hutumia njia 8 tu za PCIe (kiungo kati ya kadi na ubao mama) badala ya 16, na ubao wako wa B450 unaishia PCIe 3.0, kwa hiyo zitapata takriban GB 8 kwa sekunde. Hasara yake ni ndogo maadamu VRAM inatosha. Ikitaka kufurika ndipo njia hiyo nyembamba inapouma, na hilo tunalieleza katika jibu linalofuata. Usipande sana zaidi ya hapo huku umebaki na Ryzen 5 3600 na kioo cha 1080p, kwa sababu utalipia nguvu itakayokaa bure. Ukitaka kwenda mbali zaidi, soketi yako ya AM4 inapokea Ryzen 5 5600 au 5700X3D. Sasisha BIOS wakati prosesa ya zamani bado ipo mahali pake. Ukishaitoa, ubao unaweza kukataa kuwaka na mpya.

Kuna sababu nyingine ya kuipumzisha GTX 1060. NVIDIA ilisitisha draiva (programu zinazoendesha kadi) za kawaida za gemu kwa familia ya kadi hiyo mnamo Oktoba 2025, ikabakiza masahihisho ya usalama tu. Pia zipo gemu kama Doom: The Dark Ages ya 2025 zinazodai kadi yenye vifaa vya ufuatiliaji wa miale ya mwanga. Kwa kadi yako hilo si suala la kushusha ubora, kadi yenyewe haikidhi sharti.

RTX 5060 Ti ipo ya GB 8 na ya GB 16, na chipu ni ile ile. GB 8 za ziada zitaniongezea fremu?

Zisipohitajika, hazitaongeza hata moja. Zikihitajika, ndizo zitakazotofautisha gemu inayochezeka na isiyochezeka.

VRAM ndiyo inayohifadhi tekscha, yaani picha zinazovishwa kuta, nguo na ardhi, pamoja na data nyingine ya kila fremu. Ikijaa, ziada hupelekwa kwenye RAM ya kawaida na kurudishwa kupitia PCIe. Linganisha kasi: kumbukumbu ya RTX 5060 Ti yenyewe husukuma GB 448 kwa sekunde, wakati PCIe 5.0 ya njia 8 hupitisha takriban 32, na kwenye ubao wa PCIe 3.0 ni takriban 8. Ndiyo maana kadi ya GB 8 huumia zaidi kwenye kompyuta ya zamani, ile ile ambayo mwenyewe alitaka kuiokoa kwa kadi mpya.

Dalili za kufurika mara nyingi hazionekani kwenye wastani wa fremu. Wastani unaweza kusoma 70 huku mchezo unakwamakwama kila ukigeuza kamera. Wakati mwingine gemu haikwami kabisa, ila inashusha tekscha kimyakimya na kuta zinaonekana kama zimepakwa tope. Anayelinganisha kadi kwa grafu za wastani peke yake hatayaona hayo.

Ubora wa tekscha ndio mpangilio wenye faida kubwa kuliko yote kwa mchezaji mwenye VRAM ya kutosha, kwa sababu unapendezesha picha sana na hauli nguvu ya chipu kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upande mwingine, ufuatiliaji wa miale na uzalishaji wa fremu bandia vyote vinakula VRAM. Wanaonunua kadi ya GB 8 kwa ajili ya vipengele hivyo hujikuta hawana pa kuviweka.

Msimamo wetu: kwa 1440p, au kama kadi itakaa miaka minne na zaidi, chukua GB 16. Kwa 1080p na gemu za mashindano, 8 zinatosha. Na ukisoma namba ya VRAM kwenye Afterburner, jua kwamba gemu nyingi hujiwekea akiba kubwa kuliko mahitaji. Kusoma GB 7.5 kati ya 8 peke yake si ushahidi wa kufurika.

Tahadhari juu ya majina. Si kila tofauti ya GB ni tofauti ya kumbukumbu tu. GTX 1060 ya GB 3 ina viini 1152 wakati ya GB 6 ina 1280. RTX 3050 ya GB 6 ina viini vichache na njia ya kumbukumbu ya biti 96, si 128 kama ile ya GB 8. RTX 3060 ya GB 8 ina biti 128 badala ya 192 za ile ya GB 12. Iliyo mbaya kuliko zote ni GT 1030 ya DDR4, ambayo kasi ya kumbukumbu yake ni takriban theluthi moja ya ile ya GDDR5 yenye jina hilo hilo. Soma safu nzima ya maelezo kwenye boksi, si jina kubwa la mbele.

Nina i5-12400F na pawasaplai ya wati 550 iliyokuja pamoja na kasha. Boksi la RTX 4070 linasema ninahitaji 650. Je, hawa wanatia chumvi?

Kwa kiasi fulani ndiyo, kwa sababu hawajui una pawasaplai ya aina gani. Lakini katika hali yako tahadhari yao ni ya haki. Usisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, tafuta jedwali dogo kwenye stika na mstari wa +12V. Prosesa na kadi hula kutoka hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ikiwa imeandikwa 36A, una wati 432 za maana, si 550. Pawasaplai nzuri ya wati 550 huwa na 45A hivi, yaani wati 540.

Sasa jumlisha. RTX 4070 ni wati 200. i5-12400F ikikimbia kwa nguvu zote hufika 117. Ubao, RAM, diski na feni tuziwekee 55. Jumla ni 372. Tunashauri jumla isizidi robo tatu ya uwezo wa 12V, na robo tatu ya 432 ni 324. Umezidi. Robo tatu ya 540 ni 405, na hapo ungekaa salama. Nafasi hiyo si ya anasa: kadi za sasa hupiga mruko wa umeme wa milisekunde chache unaopita kwa mbali wati zake rasmi, na pawasaplai dhaifu huutafsiri kama hitilafu ikajizima. Dalili yake inajulikana: kompyuta inazima ghafla au kujiwasha upya katikati ya gemu, bila kioo cha bluu, na ukifungua Event Viewer ya Windows unakuta Kernel-Power 41. Wengi hapo huilaumu kadi na kuirudisha dukani.

Hivyo badilisha pawasaplai, au uchague RTX 4060, ambayo itashusha jumla hadi wati 287.

Alama ya 80 Plus inayobandikwa kwenye pawasaplai inazungumzia ufanisi tu. Pawasaplai ya wati 500 yenye ufanisi wa asilimia 90 huipa kompyuta wati 500 kamili na kuvuta takriban 556 ukutani. Haimaanishi kwamba inatoa 450. Wala alama hiyo haisemi lolote juu ya ulinzi wa saketi.

Upande wa nyaya ndiko ajali nyingi zinakotokea, kwa hiyo tuvumilie kidogo. Sloti ya PCIe hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Kadi yenye plagi mbili za pini 8 ipewe nyaya mbili zinazotoka kwenye pawasaplai kila moja peke yake, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili. Usinunue adapta ya kutoka SATA kwenda pini 6: plagi ya SATA imeundwa kwa wati 54 tu upande wa 12V, na kuidai 75 ni kuiyeyusha. Ukibadilisha pawasaplai ya nyaya za kuchomoa, ondoa na nyaya zake zote, hata kama za zamani zinaingia vizuri. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana kati ya watengenezaji, na wakati mwingine kati ya modeli za mtengenezaji mmoja. Ukichanganya unapeleka 12V mahali palipotegemea 5V, na diski ndiyo hufa kwanza. Kwa plagi mpya ya pini 16, isukume mpaka kusiwe na mwanya wowote, na usiikunje waya ndani ya milimita 35 za kwanza kutoka kwenye plagi. Plagi iliyoingia nusu ndiyo inayoungua.

Nimepata kompyuta ndogo ya ofisi, ile nyembamba. Naweza kuifanya ya gemu?

Unaweza, ndani ya mipaka. Fungua uangalie mambo matatu: urefu wa kibati cha nyuma (nyembamba hutaka cha milimita 80 hivi, cha kawaida ni 120), idadi ya sloti zilizo wazi kando ya sloti ndefu, na kama pawasaplai ina waya wa pini 6. Mara nyingi haina, na huwezi kuibadilisha kwa urahisi kwa kuwa umbo na plagi zake ni za mtengenezaji mwenyewe. Unabaki na kadi zinazotegemea wati 75 za sloti peke yake: GTX 1650 fupi, au RTX 3050 ya GB 6 yenye wati 70, ambayo ndiyo tunayoipendekeza. RX 6400 nayo inaingia, lakini ina njia 4 tu za PCIe na VRAM ya GB 4, kwa hiyo kwenye mashine ya PCIe 3.0 hupoteza kasi inayoonekana. Pia haina kisimbaji cha video, ukirekodi mchezo kazi yote inaangukia prosesa. Angalia waraka wa mashine yako kuhusu wati ambazo sloti inaruhusiwa kutoa, si zote hufika 75.

Nimefunga kadi mpya, feni zinazunguka, kioo ni cheusi. Imekufa?

Yamkini haijafa. Fuata mpangilio huu. Angalia waya wa monita umeingia kwenye kadi yenyewe, si kwenye matundu ya ubao mama yaliyo juu yake. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na kwa prosesa kama i5-12400F isiyo na grafiki ya ndani matundu hayo hayatoi picha kabisa. Zima, chomoa umeme, itoe kadi na uirudishe mpaka kilimi cha sloti kibofye. Hakikisha kila plagi ya umeme iliyo juu ya kadi imejazwa. Jaribu tundu na waya mwingine.

Kikiendelea kuwa cheusi kwenye ubao wa zamani, shuku CSM, hali ya BIOS inayoiwasha mashine kwa mtindo wa zamani. Rudisha kadi ya zamani, ingia BIOS uizime CSM ili mashine iwake kwa UEFI, yaani mtindo mpya. Kabla ya kuizima, hakikisha diski yenye Windows ni ya GPT, mpangilio wa diski ambao UEFI huutaka. Ikiwa ni MBR (mpangilio wa zamani), Windows 10 na 11 zina zana ya mbr2gpt: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /allowFullOS`, na ikikubali, `mbr2gpt /convert /allowFullOS`. Nakili faili zako muhimu kwanza. Ukiwa humo BIOS, washa na Resizable BAR, inayoiruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa mara moja. Kwa kadi za Intel Arc, kama B580, hilo ni sharti: bila hiyo zinapoteza kasi vibaya sana, na mwenye mashine isiyoiunga mkono achague kadi nyingine.

Ukihama kutoka kampuni moja ya kadi kwenda nyingine, ondoa draiva za zamani kwa Display Driver Uninstaller ukiwa Safe Mode, na intaneti imekatwa ili Windows isiwahi kuweka draiva yake. Halafu nenda kwenye mipangilio ya kioo uchague hezi za juu kabisa za monita yako, kwa mfano 144. Windows mara nyingi huanza na 60, na mtu hukaa miezi akidhani kadi haijamsaidia.

Kadi iliyotumika: nitajuaje kuwa ni nzima na si bandia?

Usilipie kadi ambayo hukuiona ikifanya kazi. Fungua GPU-Z kwanza. Programu hiyo hutambua kadi nyingi zilizobandikwa jina la uongo na huandika FAKE mbele ya jina. Chipu za zamani kama GTS 450 zimewahi kuuzwa kama GTX 1050 Ti. Ukiona tundu la VGA kwenye kadi inayojiita hivyo, iache. Linganisha pia idadi ya viini na ile rasmi. RX 580 iliyoandikwa 2048SP ina viini 2048 kama RX 570, wakati RX 580 kamili ina 2304.

Kisha ipe kazi nzito kwa dakika 20 hadi 30 huku ukisoma joto. Tofauti kati ya joto la GPU na la sehemu yake yenye moto zaidi, ambalo GPU-Z huliita Hot Spot, ikiwa nyuzi joto 15 hadi 20 za Selsiasi ni ya kawaida. Ikipita 30, pasta ya kupitishia joto kati ya chipu na kipoozi imekauka au kipoozi hakijakaa sawa, na hilo linarekebishika, omba punguzo. Nukta za rangi, mistari au miraba kwenye picha ni chipu au kumbukumbu inayokufa, na hiyo hairekebishiki nyumbani. Jaribu kila tundu la picha. Sikiliza kila feni ikianza na ikisimama, na zungusha kwa kidole zikiwa zimezimwa uone kama zinayumba.

Kadi iliyochimba sarafu za kidijitali si lazima iwe mbovu. Kinachochakaa zaidi ni feni na vibandiko vya joto vya kumbukumbu. Ila ulizia kama BIOS yake imerudishwa ile ya asili, maana BIOS ya uchimbaji hubadilisha kasi za kumbukumbu na volti, na gemu huanguka bila sababu inayoeleweka.

Kadi ya laptop inabadilishwa?

Kwa laptop karibu zote, hapana. Chipu imechomelewa kwenye ubao. Kisanduku cha nje chenye kadi, kinachopitia tundu la Thunderbolt, kinawezekana, lakini njia ni nyembamba na kadi hupoteza sehemu ya nguvu yake, zaidi ukitumia kioo cha laptop yenyewe kwa sababu picha inarudi kwa waya ule ule.

Kasha langu linasema linapokea kadi ya milimita 330. Nanunua ya 320. Sawa?

Sawa, kama mbele hakuna kipoozi cha maji. Radieta ya milimita 27 pamoja na feni za 25 hula 52, na nafasi yako inabaki 278. Pima pia unene: kadi nyingi za feni tatu huziba sloti mbili na nusu au tatu na kufunika plagi za chini za ubao, zikiwemo za USB za mbele ya kasha. Na kati ya ukingo wa juu wa kadi na mlango wa pembeni, acha nafasi ya waya kukunjika bila kulazimishwa na kioo cha mlango huo.